Hoteli ya mita 20 chini ya bahari pale Msimbati: mjomba asisaini kwanza

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mikindani, Mtwara, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mjomba wangu ana shamba la minazi linagusa ufukwe pale Msimbati. Kuna mtu amekuja na kompyuta yake ina michoro ya hoteli ya chini ya bahari, vyumba 12 vya vioo, mita 20 chini, anasema itakuwa kama ile ya Dubai. Anataka mjomba aingize shamba kama hisa alafu sisi familia tuchange hela ya kuanzia. Mi naona kama ndoto ila wenzangu wanasema mbona Pemba wameweza. Kweli mtu anaweza kulala chini ya bahari? anapumuaje? na kile kioo hakipasuki?"

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri sana kuuliza kabla shamba halijaondoka. Nakujibu kwa urefu maana hii kazi ndo iliyonilisha, nimezamia miaka 19, nimekagua nguzo za magati, nimechomelea vyuma chini ya maji, nimekwangua matumbo ya meli, kwa hiyo mtu akitaja mita 20 mi naijua kwa masikio yangu na kwa mifupa yangu. Jibu fupi ni ndio, mtu analala chini ya bahari, na watu wameshaishi huko mwezi mzima, siku 100, mpaka siku 120. Ila hicho anachowauzieni huyo mgeni sio cha Dubai wala cha Pemba, na ukielewa kwa nini wenzake hawaendi mita 20 utakuwa umeelewa karibu teknolojia yote.

Tuanze na hiyo Dubai maana ndo inawachanganya wengi. Ile vidio inayozunguka kwenye simu, mtu amelala kitandani papa anapita dirishani, ni hoteli ya Atlantis, The Palm, iliyofunguliwa 2008, na yale maji sio bahari, ni tangi la samaki lenye lita milioni 11, chumba kimepakana nalo ukutani. Ni kazi kubwa ya uhandisi, simdharau mtu, ila chumba chenyewe kiko ndani ya jengo la kawaida. Hoteli ya Dubai iliyotangazwa kuwa chini ya bahari yenyewe iliitwa Hydropolis, michoro yake ilikuwa mizuri kweli, haikujengwa. Fiji nako walitangaza Poseidon, vyumba mita 12 chini, nayo haikujengwa. Kwa hiyo michoro isiwatishe, kompyuta haina presha ya maji.

Zilizopo kweli ni hizi. Pemba, pale Manta Resort, kuna chumba kimoja tangu 2013, kimebuniwa na Mswidi anaitwa Mikael Genberg ambaye kabla ya hapo, mwaka 2000, alishatengeneza cha kwake kwenye ziwa kule kwao Västerås. Kitanda kiko kama mita 4 chini ya maji, juu kuna baraza la kukaa na paa la kuangalia nyota. Maldivi kuna mgahawa wa Ithaa uliofunguliwa 2005, mita 5 chini, unabeba wateja 14 tu, na hoteli hiyohiyo 2018 ikaongeza nyumba inaitwa The Muraka, chumba cha kulala nacho mita 5. Australia kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef kuna vyumba chini ya jukwaa linaloelea, mita 4 hivi. Na Marekani, Key Largo kule Florida, kuna Jules' Undersea Lodge ambayo imepokea wageni tangu 1986, hiyo iko karibu mita 6 na nusu. Sasa angalia hizo namba mdogo wangu, 4, 5, 5, 4, 6 na nusu. Watu wenye hela za kununua kisiwa wameishia mita 5. Sio uoga, kuna sababu.

Sababu ya kwanza ndo hiyo ya kioo uliyouliza. Kila ukishuka mita 10 maji yanakuongezea uzito sawa na hewa yote iliyoko juu yetu, yaani kwenye kila mita moja ya mraba inaongezeka tani 10 na kidogo. Dirisha la mita 2 kwa 2 likiwa mita 5 chini linasukumwa na tani 20, hiyo ni kama Fuso mbili zimejaza korosho zimeegemea dirisha lako. Dirisha hilohilo lipeleke mita 20, inakuwa tani 80. Haishindikani, ila unene unaongezeka, bei inaongezeka, na kila kiungio kinakuwa sehemu ya kuomba Mungu. Wala hawatumii kioo cha dirisha kama cha nyumbani, wanatumia akriliki, ni plastiki ngumu ambayo haipasuki vipandevipande ghafla kama kioo, ni nyepesi, na ikichubuka unaweza kuisugua ikarudi. Ya pale Ithaa ina unene wa milimita 125, weka vidole vyako saba pamoja ndo utapata picha, na hiyo ni ya mita 5 tu. Kwa hiyo kioo hakipasuki kama kimetengenezwa na anayejua, mi kioo sio kinachoninyima usingizi.

Kinachonisumbua zaidi ni kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa, chumba kinataka kupanda. Chukua ndoo ya lita 20 tupu, ipindue mdomo chini, ujaribu kuizamisha pale ufukweni, utaona inavyokataa, inakusukuma kwa kilo 20 na zaidi. Sasa chumba cha kulala cha mita 5 kwa 4 chenye urefu wa mita 2 na nusu kimebeba hewa mita 50 za ujazo, kinasukumwa juu kwa tani 51. Chumba kimoja tu! Vyumba 12 ni zaidi ya tani 600 zinazotaka kuruka juu mchana na usiku, kusi na kaskazi. Ithaa ilijengwa Singapore nchi kavu, tani 175, ikasafirishwa baharini mpaka Maldivi, na pamoja na uzito wote huo ilibidi waijaze tani 85 za mchanga ndo ikubali kuzama, alafu wakaifunga kwenye nguzo za chuma zilizopigiliwa chini. Muulize huyo mgeni mchoro wa nguzo uko wapi na nani amepima mchanga wa Msimbati unashika nguzo kiasi gani. Kama hana, hana hoteli, ana picha.

Haya, kupumua. Hapa kuna njia mbili na lazima mjue ni ipi anawauzia, maana kila moja ina gharama yake na mwili wa binadamu haukubali ubabaishaji.

Njia ya kwanza ni ile ya ndoo iliyopinduliwa. Nyumba inaachwa wazi chini, kuna shimo sakafuni, na maji hayaingii kwa sababu hewa ya ndani imejazwa mpaka presha yake iko sawa na ya maji pale nje. Unaweza kukaa ukingoni miguu ikiwa baharini, uzuri wake ni kwamba kuta hazibebi tani 80 maana ndani na nje kunasukumana sawa. Hivi ndo walivyoanza kina Jacques Cousteau, yule mzamiaji wa Ufaransa, mwaka 1962 pale karibu na Marseille watu wake wawili, Albert Falco na Claude Wesly, walikaa wiki moja mita 10 chini, na mwaka uliofuata wakaja huku Afrika kabisa, Sha'ab Rumi kwenye Bahari ya Shamu upande wa Sudani, watu wakaishi mwezi mzima mita 10 ndani ya nyumba yenye umbo la kiti cha pweza. Mabaki yako kule mpaka leo wazamiaji wanaenda kuyaangalia. Wamarekani nao wakashuka na nyumba zao zilizoitwa Sealab, ya kwanza 1964 mita 58 hivi kule Bermuda, ya pili 1965 mita 62, hapo ilibidi wapumue mchanganyiko wenye heliamu kwa sababu naitrojeni ya hewa ya kawaida ukiwa na presha ile inalewesha kama pombe. Heliamu ikawafanya waongee sauti kama vitoto vya bata, huku juu hawaelewani nao. Ya tatu 1969 ikamuua mzamiaji mmoja, Berry Cannon, na mpango ukafungwa. Wale walikuwa jeshi, na madaktari na meli juu yao.

Tatizo la njia hii ni damu yako. Ukipumua hewa yenye presha, naitrojeni inaingia kwenye damu na mafuta ya mwili na kukaa humo. Ukikaa kama siku nzima mwili unashiba. Ukipanda ghafla inatoka kama uraka uliofungwa kwenye chupa alafu mtu akafungua kifuniko, mapovu, ila yanatokea kwenye viungo, uti wa mgongo, ubongo. Nimeliona kwa macho. Miaka ya nyuma kuna boti moja ilikuwa inazamia majongoo bahari, vijana wanavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa, wanakaa chini masaa bila hesabu. Rafiki yangu mmoja alipanda haraka kwa sababu mpira ulikatika hewa, akakaa kwenye boti akavuta sigara, akasema goti linauma, baada ya nusu saa akawa hawezi kusimama. Chemba ya kumrudishia presha haikuwepo karibu, mwenye boti akasema amepunga upepo mbaya. Yule kaka mpaka leo anatembea na fimbo. Kwa hiyo mtu akiniletea maneno ya mita 20 na familia za watalii na watoto, samahani, napandwa na hasira.

Sasa linganisha. Kwenye kina cha mita 6 hivi, hata mwili ukishiba naitrojeni unaweza kupanda juu moja kwa moja, ndo maana ile ya Key Largo imekaa pale ilipokaa, haikuwa bahati. Mgeni anavaa mtungi, anazamia, anaibukia kwenye shimo la sakafu, analala, asubuhi anatoka. Na bado anakatazwa kupanda ndege kwa saa 24. Pale ndani ndo profesa Joseph Dituri alikaa siku 100 mwaka 2023. Ila shuka mita 19, kuna kituo cha utafiti kinaitwa Aquarius hukohuko Florida, wanasayansi wanaishi siku kumi au zaidi, wanaanga wa NASA wameshaenda kufanya mazoezi ya kuishi mbali, na siku ya kurudi nyumbani wanafungiwa ndani wanapunguziwa presha polepole karibu saa 17 kabla ya kuruhusiwa kutoka. Saa 17! Kwa hiyo hoteli ya wazi ya mita 20 maana yake mgeni aliyelala usiku mmoja anahitaji karibu siku nzima nyingine ya kutoka, na kama amepata kidonda cha tumbo usiku au mtoto ameshikwa na homa huwezi kumpandisha juu mbiombio umkimbize hospitali ya mkoa. Mchoro wa huyo mgeni una chemba? una daktari wa wazamiaji? Hilo swali peke yake linatosha kumjua mtu.

Njia ya pili ni chumba kilichofungwa ambacho ndani kuna hewa ya kawaida kama hapa tulipo, na kimeunganishwa na juu kwa ngazi. Hii ndo ya Pemba, Maldivi na Australia. Mjerumani Rüdiger Koch alikaa namna hii siku 120 kule Panama, akatoka Januari 2025, chumba chake kilikuwa mita 11 chini na ngazi ya mzunguko inapanda mpaka nyumba ya juu ya maji. Hapa huhitaji kujua kuogelea, huhitaji chemba, unashuka ngazi na kandambili zako, bibi yako anaweza kulala humo. Ila sasa kuta na madirisha ndo yanabeba zile tani, kwa hiyo kila mita unayoongeza unailipia.

Na hewa? Watu wanadhani shida ni oksijeni kuisha. Hapana, kinachokuwahi ni hewa ukaa unayoitoa mwenyewe. Mtu mmoja anatoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa siku. Chukua kile chumba chetu cha mita 50 za ujazo, kifunge kabisa, weka watu wawili wanapumzika, kwa hesabu yangu baada ya saa 11 hivi hewa ukaa imefika asilimia 1 wakati huku nje ni asilimia 0.04, siku ikitimia imepita 2 kidogo, hapo kichwa kinagonga na mnahema juujuu, mkiachwa mpaka 5 mko hatarini kweli, na muda wote huo oksijeni ilikuwa bado ipo ya kutosha kuwaweka hai. Dawa yake kwenye chumba chenye ngazi ni rahisi, feni mbili, moja inaleta hewa kutoka juu nyingine inatoa, na bomba la kuvuta liwekwe upande wa upepo mbali na jenereta, maana moshi wa jenereta ukivutwa ndani una kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, huamki. Kwenye vituo vya wazi wanapiga hewa kwa kompresa kutoka juu muda wote, na wanaweka chokaa maalumu inayonyonya hewa ukaa kwa ajili ya siku kompresa ikigoma. Ukiona mradi una feni moja na hauna umeme wa akiba, kimbia.

Kuna mambo madogo pia ambayo hayapo kwenye michoro. Unyevu, bahari yetu ina joto, watu wakilala ukuta unatoka jasho, godoro linapata ukungu, kwa hiyo kiyoyozi ni lazima usiku na mchana. Choo, maji taka hayapandi yenyewe, lazima pampu, na pampu ya choo ikifa usiku unajua mwenyewe. Kutu, kila chuma lazima kifungiwe vipande vya zinki viliwe na chumvi badala ya chuma chenyewe, na vipande hivyo vibadilishwe. Na uchafu wa dirisha, unajua wazee wanavyopandisha mashua juu kuipaka deheni, kwa sababu mwani na magamba yanaota tumboni? Dirisha nalo ni hivyohivyo, wiki moja ukiliacha unaona kijani tupu, lazima mzamiaji alifute mara kwa mara. Hiyo ni ajira ya vijana wetu, naiona kama faida, ila iandikwe kwenye bajeti.

Turudi Msimbati. Hapa ndo nataka mjomba anisikilize zaidi maana hawa wabunifu wanachora kwa bahari ya Maldivi. Kule maji yanapanda na kushuka chini ya mita moja, ukipigilia chumba kwenye nguzo mita 5 kinabaki kati ya mita 4 na 5. Kwetu bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3! Chumba kilichopigiliwa mita 5 wakati maji yamejaa, yakipwa kimebakiwa na mita mbili juu yake, mawimbi yanakipiga kichwani na jua linakichemsha. Ndo maana kile cha Pemba, ambako bamvua ni kama letu, kinaelea, kimefungwa kwa nanga, kinapanda na kushuka na maji, kitanda kinabaki mita 4 wakati wote. Hiyo ndo akili ya ule mradi, sio dirisha. Wenzako wanaosema mbona Pemba wameweza wamesema kweli, ila Pemba wameweza kwa kutofanya kile anachokitaka huyu mgeni.

Alafu kuna mkondo. Ule mkondo mkubwa unaotoka mashariki ya Bahari ya Hindi unagonga pwani maeneo yetu haya na Cabo Delgado unagawanyika, mmoja unakwenda kaskazini mwingine kusini, mvuvi yeyote wa Msimbati anaujua kwa mkono wake. Nje ya mwamba huweki chumba. Na vimbunga, watu wanasema Tanzania hakuna, Lindi kilipiga Aprili 1952, Kenneth 2019 kilitua jirani Msumbiji na huku Mtwara watu wakahamishwa maeneo ya mabondeni, Hidaya 2024 kikapita juu zaidi kuelekea Mafia. Chumba kinachoelea unaweza kukivuta kwa boti ukakificha ndani ya ghuba siku mbili kabla. Vyumba 12 vilivyopigiliwa mita 20 unaviangalia tu.

Na maji yenyewe, je, mgeni ataona nini? Rangi nyekundu inaanza kupotea mita 5 tu, ukifika mita 20 kila samaki ni bluu na kijivu mpaka umuwashie taa. Matumbawe mazuri na samaki wa rangi wako juu, kwenye mwanga. Yaani analipa zaidi ili mgeni aone kidogo! Ongeza na Ruvuma, msimu wa mvua mto unamwaga udongo na ghuba ya Mnazi inakuwa chai ya maziwa kwa siku kadhaa. Na mimi niliyezamia huko miaka mingi nakwambia kuna sehemu nzuri mno, kasa, chewa wakubwa, na kuna sehemu ni makaburi ya matumbawe, yalipigwa baruti miaka ile mpaka yakawa kokoto. Chumba cha dirisha kinataka sehemu yenye samaki, na samaki wanataka sehemu iliyolindwa.

Jambo la sheria nalipitia haraka. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000. Shamba la mjomba ni la nchi kavu, halimpi mtu haki ya sakafu ya bahari, kwa hiyo huyo mgeni anachukua kitu halisi, shamba, na kutoa kitu ambacho yeye wala mjomba hawana. Mradi wowote pale unapita kwanza kwa watu wa hifadhi na kufanyiwa tathmini ya mazingira ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Mwambieni alete barua hizo mbili ndo mkae kikao. Msimpe hela ya kuzifuatilia.

Mimi sisemi isifanyike kitu. Ningefurahi sana siku moja kijana wa Msanga Mkuu awe ndo fundi wa chumba cha chini ya maji. Chumba kimoja, kinachoelea, mita 4, ndani ya mwamba, kijengwe ufukweni, kijaribiwe bila mtu mwaka mzima, shamba libaki la mjomba na mwekezaji alipe kodi ya eneo la kupokelea wageni na gati dogo. Hiyo naweza kukaa nayo mezani na nikasaidia kupima bila kudai kitu.

Kwa sasa fanya hivi. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo ya lita 20, utoboe katikati, ufunge kamba yenye fundo kila nusu mita na jiwe chini yake, uombe mtu wa ngalawa akupeleke pale ambapo mgeni ameonesha kwenye mchoro. Shusha mfuniko mpaka usiuone, hesabu mafundo, andika. Fanya maji mafu, yaani siku za maji madogo, na bamvua, maji yakijaa na yakipwa, saa ileile ya mchana, na rudia mvua zikianza. Kama mafundo hayafiki 20, yaani mita 10, basi hata cha mita 4 mgeni ataona kivuli tu siku nyingi. Ukimaliza mwezi nitumie daftari hilo, na kama huyo mtu wa michoro bado yupo Mtwara mwambie nipo tayari kushuka naye mita 20 palepale anapotaka kujenga.